Kigogo cha Mubanga

Shofere wa lori katika Likasi ya miaka ile hakuwa mtu kama mimi na wewe. Alikuwa askofu. Akipita, wanawake walisimama na mabeseni yao. Akishuka, mwenye nyumba aliinuka akampisha kiti. Na ukimchunguza vizuri askofu huyo, ni nini? Mtu anayejua kuzungusha usukani kushoto na kulia, ananuka mafuta ya mazutu tangu asubuhi, na ukimuuliza jina la mtoto wake wa nne anaanza kuhesabu kwa vidole. Lakini lori ndilo lililoleta unga, na tumbo tupu haliulizi mtu tabia zake. Ndiyo maana shemeji yangu Hilaire, karani, mtu wa kalamu na tai, aliamua naye awe askofu.

Mimi ni Anne, mshonaji wa nguo. Colette, mke wa Hilaire, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Walikaa uani kwangu, mtaani Kikula, kwa hiyo mengi niliyaona kwa macho, na yaliyobaki niliyasikia kupitia ukuta, maana ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali mabichi.

Kiwandani, kazi ya Hilaire ilikuwa kusimama langoni na kuandika nani amechelewa. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Majirani walimwogopa, naye akafikiri wanamheshimu. Kisha mishahara ikaanza kuchelewa, ikazoea kutokuja, na mwishowe hata wa kuandikwa wakakosekana. Yeye bado alikwenda. Kila asubuhi alifunga tai akasimama langoni peke yake, akiangalia majani yanavyoota kati ya reli. Alipoacha kwenda walikuwa wamekwisha kuhamia kwangu, na kitanda, kabati, masufuria na watoto watatu, na Colette ndiye aliyekuwa akiwalisha wote kwa mandazi aliyokaanga alfajiri.

Alikaanga kwa moto gani? Hapo ndipo ninapopandwa na hasira hata leo. Nyaya za umeme kutoka Koni na Mwadingusha zilipita juu ya vichwa vyetu, tulizisikia zikivuma, na chini yake tulipika kwa takataka, kwa kuwa wezi walikwisha kuing'oa kebo ya mtaa wetu wakaiuza kwa kilo kama nyama. Makala, yaani makaa ya miti, yalikuwa ya wenye nacho. Colette alichoma masanduku ya mbao, soli za viatu, kisha milango ya kabati, mmoja baada ya mwingine.

Kuhusu ushofere, msidhani kuna shule. Uliingia kwa mlango mmoja tu: unamtafuta shofere, unakuwa mtu wake, unabeba kigogo. Wenyewe wanakiita kale. Lori la mfanyabiashara Dominique, ambalo Hilaire alipata kulipanda, lilikuwa limekufa betri, breki ya mkono na sanduku la gia, ambalo lilitema gia lilipotaka. Kwa sababu ya betri, haliwaki mpaka literemke. Kwa hiyo liliegeshwa mteremkoni siku zote, uso chini. Na mteremkoni, kitu pekee kilicholizuia lisiende kuua watu ni pande la mti wa mubanga lililochongwa pembe tatu, lenye kamba, zito kama mtoto wa mwaka mmoja. Lori likisimama, mwenye kigogo anaruka kabla ya wote na kukisukuma chini ya gurudumu. Jioni anarudi nacho nyumbani, maana kigogo kilichoachwa maegeshoni kiligeuka kuwa kuni za mtu kabla jua halijazama.

Shofere mwenyewe aliitwa Clovis. Alikuwa na tumbo, kofia ya sufu hata jua likiwaka, na kijiti cha meno alichokitafuna hata siku ambazo hakuna aliyemwona akila nyama. Hakumwita Hilaire kwa jina hata siku moja.

"Kalani! Kale!" alikuwa akipiga kelele kabla magurudumu hayajasimama. "Weye unafikiri uko ku bureau, na kalamu? Ruka!"

"Ndiyo, vié Clovis." Vié, yaani mzee.

Na karani wetu, miaka arobaini kasoro, aliyesoma Mulungwishi kwa wamisionari, aliruka. Kwenye kabini hakuruhusiwa kukaa. Alikaa juu ya magunia, kigogo mapajani, tai shingoni. Ndiyo, tai. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikamuuliza tai ya nini juu ya magunia ya mahindi.

"Yaya, ni juu bantu bajue minye ni agent wa kiwanda," akaniambia; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Haiko muntu wa bure."

Nikamtazama, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini huyu aliinama akapenda. Clovis akila, Hilaire alipiga magoti kumnawisha mikono. Clovis akiwa na mwanamke njiani, Hilaire alibeba mfuko wa mwanamke. Kushika usukani alishika pale tu Clovis alipolemewa na pombe kwenye barabara iliyonyooka, na akizinduka alimfukuza kama kuku aliyepanda meza. Miaka mitatu ikaenda hivyo. Mtu aliyekuwa akiandika wenzake kwa kuchelewa dakika mbili, sasa alichapwa kofi la kisogo kwa kuchelewa kuruka.

Jioni alirudi, akaweka kigogo karibu na mlango wao, akalala kifudifudi kwenye mkeka. Colette alimkanda mgongo kwa mawese. Nilisikia kila neno.

"Colette, siku minye nitashika volani ya lori, sitatesaka muntu. Nakuapia. Muntu haiko kintu."

"Minye najua, Papa Danielle."

Danielle ni binti yao wa kwanza. Colette alimwita mumewe hivyo kwa heshima yote, na aliamini kiapo kile kama anavyoamini sakramenti. Sikumcheka. Nilicheka peke yangu, nikiwa nashona.

Mvua za mwaka wa tatu zilipokuja, tulikosa cha kuwasha. Kabati lilikuwa limekwisha. Watoto walikaa wakiangalia sufuria ya maharagwe isiyochemka, na pale mlangoni kigogo kimetulia, kikavu, kimenona kwa grisi na mazutu ya miaka mitatu. Nikamwambia mdogo wangu akichome, kesho Hilaire atachonga kingine.

"Hapana, yaya," akasema. "Ile haiko kuni. Ile ni kazi ya Papa Danielle."

Akaingia ndani na panga. Nilisikia akipiga. Akatoka na miguu ya kitanda chao, yote minne, akaipanga chini ya sufuria. Tangu siku hiyo walilala sakafuni, yeye na askofu wake mtarajiwa, na kigogo kililala karibu yao juu ya gunia safi. Nilikasirika, nakiri, nikaenda kulala bila kumuaga.

Sasa sikilizeni Clovis alivyoanguka. Nilikuwepo, kwa sababu nilikwenda Mwadingusha kununua mahindi, na wakati wa kurudi lori lilisimama Koni. Pale Koni kulikuwa na Élise, mama mmoja aliyeuza chakula, mwanamke wa Clovis wa upande ule. Clovis alikuwa nao wa kila upande. Siku hiyo Élise alikuwa amechinja mbuzi, lakini gogo lake la kukatia nyama lilikuwa limepasuka.

"Kalani, leta kale," akasema Clovis, amekwisha kukaa. "Mama akatie nyama."

Hilaire alikuwa bado amechuchumaa kwenye gurudumu. "Vié, gari itaenda."

"Itaenda wapi? Kwao ni kule? Tia libwe!"

Nilimtazama shemeji yangu. Alijua. Hata mimi nisiyejua kuendesha baiskeli nilijua kwamba lori lenye magunia mpaka juu halizuiwi na jiwe kwenye udongo uliolowa. Lakini alikwisha kuzoea kusema ndiyo, na ndiyo ikatoka yenyewe. Akaweka jiwe, akachomoa kigogo, akampelekea Élise kwa mikono miwili. Kisha akapiga magoti na beseni la maji.

Élise alipiga panga mara chache tu. Jiwe likateleza. Lori likaondoka taratibu bila mlio wowote, sisi abiria tukiwa chini tunanunua ndizi. Clovis aliliona wa kwanza. Akainuka na mikono inadondosha maji, akaanza kulikimbiza lori lake akilipigia kelele, "Kale! Kale!" kana kwamba lori lina masikio. Hilaire akanyakua kigogo kutoka chini ya nyama, mguu wa mbuzi ukaanguka matopeni, naye akakimbia nyuma ya Clovis, tai ikipepea. Nimeona mengi katika maisha yangu, hata watu wakilala wiki nzima stesheni wakisubiri treni ya kuwaondoa mjini, lakini wanaume wawili wapumbavu wakikimbiza gari ambalo wao wenyewe wameliachia, hilo niliona Koni tu.

Lori lilipita katikati ya jiko la Élise, likachukua paa na masufuria, likaenda kujikita kwenye kichuguu kikubwa kama nyumba. Hakuna aliyeumia ila kuku wawili.

Dominique alifika kesho yake na fundi. Clovis akajisimamisha, kijiti mdomoni.

"Patron, ni kalani. Alilala, akasahau kale."

Sote tukamgeukia Hilaire. Mdomo wa kusema alikuwa nao, mashahidi alikuwa nao, na aliyemtesa miaka mitatu amesimama mbele yake akidanganya mchana kweupe. Unajua alifanya nini? Aliangalia viatu vyake. Nilimsukuma ubavuni. Akaendelea kuangalia viatu.

Aliyesema ni Élise, na hakusema kwa ajili yake, alisema kwa ajili ya jiko.

"Patron, muongo huyu! Yeye mwenyewe njo alisema balete kale, tukatie nyama. Angalia!" Akakinyakua kigogo mikononi mwa Hilaire, akakiinua. Makovu ya panga yalikuwa pale, na damu imekauka ndani yake. "Na jikoni yangu iko wapi?"

Dominique alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwambia Clovis ateremshe vitu vyake. Kisha akamtazama yule mwenye tai.

"Weye unajua kuendesha?"

"Najua, patron."

"Safari moya, Lubumbashi, kwenda na kurudia. Ukileta gari muzima, iko yako."

Basi, hivyo ndivyo watu wanavyopata kazi. Mmoja anapenda nyama, mwingine anaogopa kusema, na wa tatu amevunjiwa jiko. Lakini nisiwe mnafiki: nilifurahi. Colette alipopewa habari alikaa chini akalia, nami nikalia naye. Alikisugua kigogo kwa majivu mpaka damu ya mbuzi ikatoka. Aliazima makala kwa jirani Octave, si ya kupikia, ya kutia kwenye pasi tu, akanyoosha shati jeupe. Usiku nilimsikia akiuliza, "Utatafuta convoyeur wa kubeba kale?"

"Nitatafuta."

"Hautamutesa?"

"Minye? Colette!"

Akaondoka Jumatatu. Tulisali rozari kwa ajili ya lori. Sijawahi kabla wala baadaye kumwomba Bikira Maria aangalie sanduku la gia.

Jumamosi alasiri tukasikia honi. Si honi ya mtu anayeomba njia. Ni honi ya mtu anayetaka mtaa mzima utoke nje. Mtaa ukatoka. Colette alikuwa uani anahangaika na maharagwe juu ya mafiga matatu, moto ukimfia kwa sababu mbao alizopata zilikuwa mbichi. Akajifuta mikono, akatoka mbio na watoto, uso unang'aa, kama aliyepungua miaka kumi.

Lori lilikuwa zima. Si taa iliyovunjika, si gunia lililopasuka. Usukani ulikuwa wake sasa, halali yake. Lilisimama mbele ya lango letu, uso chini, kuelekea kwa Octave ambako watu walikuwa wamekaa wanakunywa munkoyo. Akazima injini. Juu ya magunia hakukuwa na mtu. Convoyeur wake wa kwanza, tulikuja kuambiwa, Hilaire alikwisha kumtelekeza njiani kwa kosa la kuitika polepole.

Na yeye? Nilimwangalia kupitia dirisha la kabini. Kofia ya sufu. Kijiti cha meno. Nyama gani hiyo iliyomnasa kwenye meno, sijui. Sisi wiki hiyo tulikula matembele. Masikini akipata, matako hulia mbwata, na ya Hilaire yalikuwa yanalia mpaka mtaa wa Shituru.

Hakusema salamu. Hakumwita Danielle, aliyekuwa anarukaruka. Aliweka mguu kwenye breki, akatoa kiwiko dirishani, akapiga kelele ile ile, kwa sauti ile ile ya puani:

"Kale!"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyejua anaambiwa nani. Ndipo alipomnyooshea mkewe kidole, mbele ya Octave na wanywaji wake wote.

"Weye mwanamuke! Unasimama unaangalia nini? Uko ku bureau? Kale, mbio!"

Danielle alitaka kwenda. Colette akamshika bega. Nilimwona mdogo wangu akiwaza, na sikuona machozi, niliona kitu kinafungwa. Kisha akaenda taratibu mpaka kwenye ngazi ya kabini, akafungua kamba, akakibeba kigogo kifuani kama alivyokibeba miaka mitatu kukitoa mvuani. Hilaire akajiegemeza, ametosheka.

Colette akalipita gurudumu la mbele. Akalipita la nyuma. Akaingia langoni, akavuka ua, akapiga goti mbele ya mafiga, akasukuma kigogo chini ya sufuria.

Mubanga ni mti mgumu, hauwaki kwa papara. Lakini kile kilikuwa kimekunywa grisi na mazutu kupita shofere yeyote. Kilishika mara moja, moshi mweusi kwanza, kisha moto wa manjano, mzuri ajabu.

"Colette!" Sauti ya puani ilikuwa imepotea. "Colette, unafanya nini? Ile ni kale!"

"Hapana," akajibu bila kugeuka. "Ile ni kuni."

Octave, mtu mwema, alitoka mbio na jiwe kubwa. Hilaire akapiga yowe kabla hajafika. "Hapana libwe! Libwe inateleza!" Hilo angalau alikuwa amejifunza. Octave akaliweka jiwe lake chini, akarudi kuwahamisha wanywaji wake pamoja na viti vyao.

"Yaya Anne!" akaniita mimi sasa. "Yaya, tafazali, ambia muke yangu."

Nilikwenda kuchukua kigoda changu. Nikakiweka langoni, mahali ninapoona kabini na jiko kwa pamoja, nikakaa.

"Shemeki," nikamwambia, "shofere anaweka muguu ku frein. Njo kazi yake."

Angeweza kuachia, lori likawaka kwa mteremko, akaenda zake. Mbele palikuwa peupe. Lakini alikuwa amekuja kuonekana, na sasa anaonekana. Kuondoka na njaa, amefukuzwa na moto wa mkewe mwenyewe, kungemfuata mpaka Kasumbalesa. Basi akabaki. Kijiti kilidondoka. Goti lilipochoka, akalikandamiza kwa mikono miwili. Colette alikoroga sufuria, akaonja, akaongeza maji.

Na maharagwe yale, kama maharagwe yote ya miaka ile, yalikuwa ya zamani na magumu. Hayakuiva upesi.